Rhine: Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Kuna kauli moja inayosikika sana katika vyumba vya walimu, nayo ina madhara kuliko makosa yote ya hijai tunayoyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mtu huonyeshwa picha ya mto wa Ulaya, maji yake yakimeremeta na kingo zake zimepambwa kwa maua, naye hutikisa kichwa na kunena: "Wenzetu walijaliwa." Maneno hayo ni mawili tu, lakini yamebeba fikira nzima. Yanadai kwamba usafi ni jambo la kuzaliwa nalo; kwamba wako watu walioandikiwa mito misafi na wako walioandikiwa mito ya taka; na kwamba mwanafunzi wetu hana la kufanya ila kutazama na kutamani. Leo nakusudia kuipinga kauli hiyo, na ushahidi wangu nimeutoa huko huko kwa hao wanaodaiwa kujaliwa.

Mwaka uliopita mimi na mke wangu tulisafiri kwa meli katika Mto Rhine, kutoka Basel nchini Uswisi hadi Köln nchini Ujerumani. Sote wawili ni walimu wastaafu, mimi wa historia na yeye wa jiografia, na hadi leo huitana "Mwalimu" hata tukiwa mezani. Nauli tulilipiwa na binti yetu, ambaye ni muuguzi huko Ujerumani, kwa hoja kwamba tumesomesha watu vya kutosha na sasa ni zamu yetu kusoma. Meli za safari hizo ni ndefu na nyembamba, zimeundwa hivyo ili zipite katika malango ya mabwawa na chini ya madaraja. Abiria wengi huwa wazee, mume na mke, wanaokaa sitahani na kutazama ngome, makanisa na mashamba ya mizabibu yakipita taratibu huku sauti ya mwongozaji ikitoka katika vipaza sauti.

Wahenga walituambia tembea uone. Hata hivyo, si kila atembeaye huona, maana mtalii huonyeshwa ukingo wa mto akasahau kuuliza habari za mto wenyewe. Mke wangu hakukubali kusahaulishwa. Jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba kwa miaka mingi vitabu na ensaiklopidia nyingi ziliandika kuwa urefu wa Rhine ni kilomita 1,320. Mwaka 2010 ikabainika kwamba urefu wake ni kilomita 1,230 hivi. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na waandishi wakaendelea kunakiliana kwa miongo mingi pasi na mtu kurudi kwenye ramani na kupima. Nawaombeni walimu wenzangu mlikumbuke hilo. Watu hao nao hunakili makosa. Tofauti ni kwamba mmoja wao alishuku, akapima, akasema, na akasikilizwa.

Tulianzia safari Basel, mji ambao mandhari yake hayana kasoro. Watu huogelea mtoni wakati wa kiangazi, nguo zao wamezifunga katika mifuko isiyopitisha maji. Lakini usiku wa tarehe 1 Novemba 1986, katika eneo la viwanda la Schweizerhalle, kilomita chache tu kutoka mjini, ghala la kampuni ya Sandoz liliwaka moto likiwa na zaidi ya tani elfu moja za kemikali. Ving'ora vililia na wakazi wakaamrishwa wajifungie majumbani. Wazimamoto walimwaga maji mengi kuokoa viwanda vya jirani, na maji hayo yakazoa tani nyingi za sumu za kuulia wadudu yakaziingiza mtoni. Asubuhi mto ulikuwa mwekundu. Mikunga, wale samaki warefu mfano wa nyoka, walikufa kwa makumi ya maelfu katika mamia ya kilomita za mto, na miji ya chini, hadi Uholanzi, ikalazimika kufunga mabomba yake ya kuvuta maji ya kunywa.

Wala msidhani kwamba moto huo uliharibu mto uliokuwa safi. Katika miaka ya 1960 na 1970 Rhine uliitwa na Wazungu wenyewe mfereji wa maji taka wa Ulaya. Viwanda vya kemikali, migodi na miji mikubwa vilimwaga humo kila walichokuwa hawakitaki. Samaki wa samoni, ambaye zamani alivuliwa kwa wingi na kuliwa na matajiri na maskini, alikuwa ametoweka kufikia miaka ya 1950. Migodi ya potasi ya Alsace nchini Ufaransa ilimwaga chumvi nyingi mtoni, na chumvi hiyo ikasafiri hadi kwa wakulima wa Uholanzi waliokuwa wakimwagilia miche kwa maji ya mto huo huo. Kwa hiyo mkulima mmoja wa Kiholanzi, mwenye kitalu cha miche, aliishtaki kampuni ya migodi. Swali likazuka: ashtaki wapi, Ufaransa kwenye mgodi au kwao ambako miche inakauka? Mwaka 1976 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mdhuriwa anaweza kuchagua. Akitaka, ashtaki mahali alipodhuriwa. Kwa uamuzi huo, aliye chini ya mto akapata sauti mbele ya aliye juu.

Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Nchi za Rhine zilikuwa zimeunda tume ya kuulinda mto tangu mwaka 1950, nayo ilikuwa ikipima na kuandika ripoti. Baada ya moto wa 1986 na hasira ya wananchi iliyofuata, mawaziri walikutana na mwaka 1987 wakaafikiana mpango wa vitendo. Hawakuandika kwamba watautunza mto kwa kadiri itakavyowezekana. Waliweka shabaha ambayo hata mtoto angeweza kuikagua: samoni arudi mtoni kufikia mwaka 2000. Ili samaki huyo arudi, maji taka ilibidi yasafishwe, viwanda vidhibitiwe, na mabwawa yajengewe ngazi za maji ambazo samaki ataweza kuzipanda. Miaka michache tu baadaye, samoni wa kwanza wakaonekana tena katika kijito cha Sieg kinachoingia Rhine karibu na Bonn. Leo mto huo huo uliokuwa mfereji wa taka hutoa maji ya kunywa kwa watu wapatao milioni 30.

Kutoka Basel meli hupita katika malango ya mabwawa, moja baada ya jingine. Meli huingia katika chumba cha saruji, milango hufungwa, maji hupunguzwa, nayo meli hushuka polepole hadi usawa wa mto ulio mbele. Mabwawa hayo, kumi kwa jumla kati ya Kembs na Iffezheim, huzalisha umeme. Na mto wenyewe umenyooshwa. Kuanzia mwaka 1817, kwa mipango ya mhandisi Johann Gottfried Tulla, mikondo iliyokuwa ikizunguka-zunguka ilikatwa, na sehemu ya kati ya Basel na Worms ikafupishwa kwa kilomita 81. Mafuriko yalipungua hapo na malaria ikapungua vilevile, naam, malaria, ugonjwa ambao vijana wetu hudhani uliumbwa kwa ajili ya Afrika peke yake. Lakini maji yaliyoharakishwa yakaenda kuwatisha watu wa chini, na samaki wakapoteza mazalio yao. "Mwalimu," mke wangu akaniambia tulipokuwa ndani ya moja ya vyumba hivyo, kuta zenye utelezi zikipanda pande zote mbili, "huu mto ninaouona ni wa kutengenezwa. Waliuharibu kwa hesabu, na sasa wanautibu kwa hesabu."

Strasbourg ni mji mwingine wa kutafakari. Jimbo la Alsace lilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, likarudi Ufaransa baada ya vita vya 1914 hadi 1918, likatwaliwa tena na Ujerumani mwaka 1940, na likarejea Ufaransa vita vya pili vilipomalizika. Mtu aliyezaliwa huko kabla ya 1871 na kuishi maisha marefu aliweza kubadilishiwa uraia mara kwa mara pasipo kuhama nyumba yake. Rhine ulikuwa mpaka wa mizinga. Leo kuna daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa mwaka 2004, na tangu mwaka 2017 tramu huvuka mto kutoka Strasbourg hadi Kehl, upande wa Ujerumani. Tulivuka daraja hilo, mimi na mke wangu, tukipishana na kina mama wenye mikoba ya sokoni. Hakuna aliyetuuliza paspoti. Mapatano yalifanya kile ambacho mizinga haikuweza.

Walakini, nisingekuwa mwalimu wa historia kama ningesifu mapatano ya Wazungu bila kutaja upande wake wa pili. Mkutano mkuu wa Vienna wa mwaka 1815 uliamua kwamba mito inayopita katika nchi nyingi iwe huru kwa meli za wote, na mwaka 1816 tume ya usafiri wa Rhine ikaketi kwa mara ya kwanza mjini Mainz, mji ambao meli yetu iliufikia baada ya Strasbourg. Tume hiyo ingali hai hadi sasa. Lakini kanuni hizo hizo za Vienna zilibebwa hadi Berlin mwaka 1884, na katika mkataba uliotiwa saini Februari 1885 zikatumiwa kufungua mito ya Kongo na Niger kwa meli za mataifa ya kigeni. Kwenye meza ya Mainz waliketi wenye kingo za Rhine. Kwenye meza ya Berlin hapakuwa na hata mtu mmoja wa ukingo wa Kongo wala wa Niger. Kanuni ni ile ile. Huku ilimlinda mkazi wa mtoni, kule ilimfungulia mlango mporaji. Mwanafunzi anayesoma habari za Mkutano wa Berlin na ajue kwamba mapatano yana faida kwa yule aliyeketi mezani.

Baada ya Mainz huja bonde jembamba kati ya Bingen na Koblenz, lenye urefu wa kilomita 65 hivi, ambalo tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hapa ndipo kila abiria hupanda sitahani na kamera. Ngome zinafuatana juu ya majabali, na mwongozaji husimulia habari za mashujaa na wapenzi. Si vibaya, lakini ngome nyingi kati ya hizo zilijengwa kwa kazi moja: kutoza ushuru. Ile ya Pfalzgrafenstein, iliyosimama kisiwani katikati ya maji mbele ya mji wa Kaub mfano wa merikebu iliyotiwa nanga, ilianza kujengwa katika miaka ya 1320, na ushuru uliendelea kukusanywa hapo hadi miaka ya 1860. Mchuuzi aliyeteremka na shehena yake alilipa ngome baada ya ngome. Anayelalamika kwamba vizuizi vya barabarani na kitu kidogo ni ugonjwa wa Mwafrika na aje atazame majabali haya.

Kilomita chache mbele ya Kaub, karibu na kibao cha kilomita ya 555, lipo jabali la Loreley, lenye urefu wa mita 130 hivi. Husimuliwa kwamba kuna mwanamwali aliyekaa juu yake akichana nywele na kuwapumbaza mabaharia hadi wakagonga miamba. Watalii hudhani ni ngano ya kale na kale. Kwa hakika mwanamwali huyo alitungwa na mshairi Clemens Brentano mwaka 1801, na akapata umaarufu kwa shairi la Heinrich Heine la mwaka 1824. Miaka mia mbili tu, na tayari amekuwa mali ya taifa, anauza vikombe, vitambaa na tiketi za meli! Fikirieni visasili vyetu vilivyolala katika vitabu vya fasihi simulizi, vinavyokaririwa kwa ajili ya mtihani na kuachwa palepale. Hata hadithi, basi, ni kitu cha kuundwa na kutunzwa.

Koblenz ndipo Mto Moselle unapoungana na Rhine, na watalii hupelekwa kwenye sanamu kubwa ya mfalme aliyepanda farasi. Katika mji huo huo ndimo ilimo ofisi ya ile tume ya kulinda Rhine niliyoitaja. Hakuna msafara wa watalii unaopelekwa huko. Sanamu ya mfalme hupigwa picha maelfu kwa siku, na ofisi iliyomrudisha samoni haina hata mpiga picha mmoja. Mke wangu alisema kwamba laiti angekuwa na wanafunzi wake, angewapitisha mbali na sanamu na kuwasimamisha mbele ya mlango wa ofisi ile.

Köln tulilakiwa na kanisa kuu lenye minara ya mita 157. Msingi wake uliwekwa mwaka 1248 na kazi ikakamilika mwaka 1880, yaani miaka 632. Katika kipindi hicho ujenzi ulisimama kwa karibu miaka mia tatu, na winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara uliokatika, kila mtu mjini akiiona. Waliorejea kazini katika karne ya 19 hawakusema kwamba wahenga wao walishindwa. Kando ya kanisa kuna daraja la reli la Hohenzollern, ambalo wapenzi hufunga kufuli zenye majina yao kisha wakatupa ufunguo mtoni. Kijana mmoja alituuzia wazo hilo kwa tabasamu. Mke wangu alimshukuru, akamwambia kwamba ndoa yetu imedumu miaka 41 bila kufuli, na kwamba ufunguo ukitupwa mtoni jina lake ni taka.

Najua lipo jibu ambalo baadhi ya wasomaji wamekwisha kuliandaa: wale wana pesa. Ni kweli wanazo. Lakini itazameni tena miaka yenyewe. Rhine ulikuwa mchafu kupindukia katika miaka ya 1960 na 1970, wakati ambapo viwanda vya Ujerumani, Ufaransa na Uswisi vilikuwa vikitajirika kwa kasi. Kama pesa peke yake husafisha, mto ungekuwa umetakata wakati huo. Pesa zilikuwapo na uchafu ukazidi, kwa kuwa hapakuwa na aliyelazimishwa kuzitumia kwa ajili ya mtu wa chini. Kilichobadilika ni sheria, mahakama, vipimo vilivyotangazwa hadharani, na raia waliokasirika wasinyamaze.

Wala kazi yenyewe haijakwisha. Mabwawa bado yanamzuia samoni asifike kwa wingi hadi Basel. Mwezi Oktoba 2018 ukame uliushusha mto hata kipimo cha Kaub kikasoma sentimita 25, na meli za mizigo zikabeba sehemu ndogo tu ya shehena zake. Mwaka 2022 hali ikakaribia kuwa hiyo hiyo. Kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja, na watu huvuka kwa feri kama ndugu zetu wa Likoni. Hao ndio waliojaliwa.

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa maji ya huku pia yana watu wa juu na watu wa chini. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita katikati ya jiji, huingia Athi, nao Athi huitwa Galana na kisha Sabaki kabla ya kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Kile kinachotupwa Gikomba kina njia ya kumfikia mvuvi wa Pwani, kama sumu ya Basel ilivyomfikia Mholanzi. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia mwaka 2008 aliamuru kingo zisafishwe, na bustani yenye jina lake ingalipo kushuhudia kwamba jambo hilo linawezekana. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani pasipo kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mkulima yule wa Uholanzi ilimbidi aonyeshe miche yake iliyoharibika. Mwanafunzi wa Kenya hahitaji hata mche mmoja.

Basi, walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwenye mto ulio karibu na shule, hata ukiwa ni kijito kinachonuka. Wafuatilie unakotoka na unakokwenda. Wapime rangi na harufu ya maji yake, waandike tarehe, wapime tena muhula ujao. Wa jiografia auchore, wa kemia aupime, wa historia awaulize wazee walivua samaki gani humo, na wa Kiswahili aandike barua kwa diwani kwa lugha isiyoweza kupuuzwa. Nanyi wanafunzi, mkimsikia mtu akisema kwamba wenzetu walijaliwa, mwulizeni kwa adabu: walijaliwa mwaka gani? Kama ni kabla ya 1987, mwambieni akawaulize mikunga.